TEKNOLOJIA: Kivinjari kikuukuu cha saiba ni hatari kwa kila mteja

KILA mwaka ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, vibanda vya huduma za intaneti, maarufu kama saiba, hufurika watu katika miji ya Migori, Rongo, Awendo, Oyugis na Homa Bay. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA), na wasio na tarakilishi nyumbani hupanga foleni wakisubiri mhudumu awafungulie ukurasa wa iTax, wataje nambari ya PIN, kisha nenosiri.

Foleni hiyo haiishi na mwezi huo. Hufuata mwanafunzi anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), mwalimu aliye na shughuli na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), mwendeshaji bodaboda anayetafuta leseni, na kijana anayeomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema kabla ya kuajiriwa.

Serikali ilipozindua zaidi ya huduma 5,000 katika jukwaa la eCitizen mnamo Juni 30, 2023, shabaha ilikuwa kuwapunguzia wananchi safari za ofisini. Kwa mkazi wa Karungu au wa kisiwa cha Mfangano asiye na tarakilishi, safari ilibaki palepale. Kilichobadilika ni mlango anaobisha.

Ndani ya mlango huo, karibu kila shughuli hupitia programu moja tu, nayo ni kivinjari. Hiki ndicho chombo cha kufungulia tovuti, kama vile Chrome, Firefox, Edge au Opera. Jina lake la Kiswahili limetokana na kitenzi kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huku kama askari wa doria. Waliolibuni walipata jina la heshima kuliko Waingereza, ambao neno lao asili yake ni mnyama anayetafuna machipukizi ya vichaka.

Mteja wa saiba huuliza bei ya kuchapisha ukurasa mmoja. Huuliza kama mtandao una kasi. Ni nadra aulize kivinjari anachokitumia kilisasishwa lini, ilhali jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni nani mwingine anayeweza kulisoma nenosiri lake.

Tofauti kati ya tarakilishi ya nyumbani na ya saiba iko hapo. Mtu akipuuza chombo chake mwenyewe, hasara ni yake. Mwenye saiba akipuuza, tarakilishi moja inayohudumia watu kumi kwa siku huwaweka hatarini wateja wasiojuana, kutoka vijiji tofauti, ambao hawakushirikishwa katika uamuzi huo na wala hawatajua siri zao zilivujia wapi.

Ili kuelewa kwa nini programu inayofanya kazi vizuri inahitaji kurekebishwa kila mara, yafaa kujua kwanza kivinjari hufanya nini. Kila ukurasa unapofunguliwa, kivinjari hupokea kutoka kwa mtu asiyejulikana mafurushi ya maandishi, picha, sauti, video na maagizo ya kutekelezwa papo hapo. Hakuna programu nyingine katika tarakilishi inayokaribisha wageni wengi kiasi hicho. Na kwa kuwa imeandikwa na binadamu kwa mamilioni ya mistari ya maagizo, haikosi makosa.

Mfano mzuri ulitokea Septemba 2023. Kitengo cha usalama cha kampuni ya Apple pamoja na maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, waliiarifu Google mnamo Septemba 6 kwamba kulikuwa na dosari katika sehemu ya kivinjari inayofasiri picha za aina ya WebP. Sehemu hiyo haikuwa ya Chrome peke yake. Firefox iliitumia, Edge iliitumia, na programu nyingine nyingi ambazo wenyewe hata hawakukumbuka kwamba wanaitumia.

Dosari yenyewe inaelezeka kwa lugha ya ufuoni. Mchuuzi wa omena wa Mbita humwambia mwenye ghala amtengee nafasi ya magunia kumi. Lori likifika, linashusha kumi na mawili. Mwenye ghala asipohesabu, magunia mawili ya ziada yatawekwa katika nafasi ya mfanyabiashara mwingine, juu ya mali yake. Picha iliyotengenezwa kwa hila ilifanya vivyo hivyo: ilitangaza kiasi fulani cha nafasi katika kumbukumbu ya tarakilishi, kisha ikamwaga zaidi ya hapo.

Mhalifu stadi huchagua kwa uangalifu kilichomo ndani ya magunia hayo mawili. Kikiangukia mahali panapofaa, tarakilishi hukichukulia kuwa agizo halali na kulitekeleza. Mtumiaji hahitaji kubofya wala kupakua chochote. Kuitazama picha kunatosha.

Google ilitoa kiraka mnamo Septemba 11, na Mozilla, wenye Firefox, wakafuata siku iliyofuata. Google ilikiri pia kwamba tayari kulikuwa na watu waliokuwa wakiitumia dosari hiyo kushambulia. Kwa aliyesasisha wiki hiyo, mambo yaliishia hapo.

Kwa ambaye hakusasisha, mambo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza, na hili ndilo jambo ambalo halieleweki vyema. Wengi hudhani kwamba kutosasisha ni kubaki ulivyokuwa jana: kama jana hukudhurika, leo pia hutadhurika. Sivyo. Kiraka kikishonwa huonyesha palipochanika. Siku kinapotolewa, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo jipya na la zamani, akaona ni mistari ipi imebadilishwa, na kutokana na mabadiliko hayo akaitambua dosari iliyokuwepo.

Kabla ya kiraka, siri ilikuwa mikononi mwa wachache, na kwa kawaida wachache hao huwinda watu mashuhuri, si mkulima wa miwa wa Awendo. Baada ya kiraka, siri huwa ya kila mtu. Dosari iliyokuwa silaha ghali ya wapelelezi hugeuka kuwa panga la vibaka. Kwa hiyo mwenye kivinjari kisichosasishwa huwa katika hatari kubwa zaidi baada ya kiraka kutolewa kuliko alivyokuwa kabla yake.

Kampuni zenyewe zinalijua hilo, ndiyo maana zimekuwa zikikimbizana na muda. Google ilieleza mnamo Agosti 2023 kwamba muda kati ya kurekebishwa kwa dosari na kumfikia mtumiaji ulikuwa wastani wa siku 35 katika miaka ya nyuma, ukapunguzwa hadi siku 15 hivi baada ya viraka kuanza kutolewa kila wiki mbili. Kuanzia mwezi huo, kampuni hiyo iliamua kutoa viraka vya usalama vya Chrome kila wiki. Toleo jipya kamili lilikuwa tayari likitoka kila baada ya wiki nne tangu mwaka 2021.

Haikuwa hivyo zamani. Internet Explorer 6 ya kampuni ya Microsoft ilitoka Agosti 2001, na toleo lililofuata likachelewa hadi Oktoba 2006. Katika miaka hiyo mitano kivinjari hicho kilikuwa kimeshika karibu soko zima la dunia, na mhudumu wa saiba aliyeweza kuifungua ile herufi ya buluu alihesabiwa kuwa mtaalamu.

Matokeo yalionekana Juni 2004. Wahalifu walivamia seva za tovuti halali, wakapachika humo maagizo ya siri. Aliyezitembelea kwa Internet Explorer aliondoka na programu ya kunasa kila herufi aliyoibonyeza, yakiwemo manenosiri ya benki. Kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia dharura za tarakilishi kilitaja, miongoni mwa njia za kujikinga, kutumia kivinjari kingine. Kiraka cha Microsoft kilikuja Julai 30, zaidi ya mwezi mzima baadaye. Firefox 1.0 ilipozinduliwa Novemba mwaka huo, ilipata wateja waliokuwa tayari wamechoka.

Kisa hicho kinajibu hoja inayosikika mara kwa mara kwamba anayeepuka tovuti chafu yuko salama. Tovuti zilizovamiwa 2004 zilikuwa za watu wenye heshima zao.

Miaka sita baadaye, Januari 2010, Google ilifichua kwamba ilikuwa imedukuliwa, na ikabainika kuwa dosari ya Internet Explorer ilikuwa mojawapo ya njia zilizotumika. Serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao wakiweke kando kivinjari hicho hadi kirekebishwe. Microsoft ililazimika kutoa kiraka Januari 21, nje ya ratiba yake ya kawaida ya Jumanne ya pili ya kila mwezi. Internet Explorer ilistaafishwa rasmi Juni 15, 2022.

Sasa turudi ziwani. Ni kwa nini saiba ya Migori au ya Homa Bay ibaki nyuma, ilhali vivinjari vya leo hujisasisha vyenyewe?

Sababu ya kwanza ni ndogo mno kiasi cha kuchekesha. Chrome hupakua sasisho kimyakimya, lakini haianzi kulitumia hadi kivinjari kifungwe na kufunguliwa upya. Katika saiba yenye wateja wengi, kivinjari hufunguliwa asubuhi na kuachwa hivyo. Mteja mmoja akiinuka, mwingine huketi na kufungua ukurasa wake kando ya wa mwenzake. Kiraka kimo ndani ya tarakilishi, lakini hakijavaliwa.

Sababu ya pili ni ya kusikitisha, kwa sababu chanzo chake ni nia njema. Baadhi ya wenye saiba huweka programu za kugandisha tarakilishi, mojawapo ikiwa Deep Freeze ya kampuni ya Faronics ya Canada. Programu hiyo hukumbuka hali ya tarakilishi ilivyokuwa siku ilipogandishwa, na kila inapozimwa na kuwashwa huirejesha katika hali hiyo. Uchafu wote ulioachwa na wateja, virusi vikiwemo, hufutika.

Hufutika pia masasisho. Kivinjari hujisasisha mchana, umeme hupotea jioni, na kesho yake asubuhi toleo ni lile la siku ya kugandisha, hata kama ni la miaka miwili iliyopita. Mwenye saiba anaamini ana ulinzi, na kwa upande mmoja anao. Dawa yake ipo: kuiyeyusha tarakilishi kwa muda uliopangwa, tuseme usiku mmoja kila wiki, ijisasishe, kisha igandishwe tena. Programu hizo zina ratiba ya kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba aliyeziweka mara nyingi huwa fundi aliyelipwa siku moja akaenda zake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo ni umri wa tarakilishi. Mashine nyingi katika biashara ndogondogo huja zikiwa zimetumika kwingine, na humo hukutwa Windows 7. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 mnamo Januari 14, 2020. Google nayo iliacha kuihudumia mapema mwaka 2023. Toleo la mwisho la Chrome linalokubali kukaa ndani yake ni la 109. Mozilla walikuwa na subira zaidi. Waliendelea kutoa viraka vya Firefox 115 kwa ajili ya mashine hizo, wakiisogeza tarehe ya mwisho mara kadhaa.

Hapo mteja anaweza kujipimia mwenyewe bila kumuuliza mtu. Katika Chrome, kona ya juu kulia kuna nukta tatu. Ukizibofya, uende kwenye msaada, kisha kwenye maelezo kuhusu Chrome, nambari ya toleo hujitokeza. Ikianza na 109, hiyo ni tarakilishi ambayo Chrome yake iliachwa nyuma tangu 2023. Inafaa kuchapishia barua ya mazishi au ratiba ya mechi. Haifai kuandikiwa nenosiri la KRA.

Gharama ya intaneti hutajwa sana kama sababu, na zamani ilikuwa kweli. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kufika pwani ya Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na kila megabaiti ilikuwa na bei yake. Hata hivyo, wahandisi walilitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 2009 huohuo, Google ilionyesha njia ya kutuma tu sehemu iliyobadilika badala ya programu nzima: sasisho moja la baiti 10,385,920 lilipunguzwa hadi baiti 78,848. Anayesasisha kila wiki hupokea vipande vidogo. Anayekaa mwaka mzima ndiye hulipia mzigo wote kwa mkupuo.

Kwenye simu za mkononi, ambazo ndizo tarakilishi za walio wengi katika kaunti hizi mbili, kikwazo kimejificha mahali pengine. Simu nyingi za Android huwa zimepangwa zisasishe programu pale tu zinapopata Wi-Fi, ili kumwokolea mwenyewe bando. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya mtu anayerudi nyumbani jioni akakuta Wi-Fi. Mvuvi wa Nyatike au muuza mboga wa Rodi Kopany anayenunua bando la siku huenda asiipate Wi-Fi mwezi mzima, na simu yake itangoja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya mjini Homa Bay aliye na Wi-Fi ya chuo yuko katika hali tofauti kabisa na mamake kijijini, hata wakiwa na simu za aina moja.

Anayetaka kuondokana na hilo anaweza kufungua Play Store, aitafute Chrome na kuisasisha kwa bando lake mwenyewe. Aidha, aisasishe programu iitwayo Android System WebView, ambayo haionekani kwenye skrini lakini ndiyo inayofungua kurasa za tovuti ndani ya programu nyingine, zikiwemo nyingi za mikopo ya simu.

Simu nazo huzeeka. Kuanzia toleo la 139 la Agosti 2025, Chrome haikubali tena simu zilizo na Android 8 au 9. Simu hizo hazikuharibika siku hiyo. Zinapiga na kupokea, na M-Pesa inayotumia menyu ya kadi ya simu haiguswi na jambo hili, kwa kuwa haipitii kwenye kivinjari. Kinachokoma ni viraka. Anayenunua simu iliyotumika ng'ambo kwa sababu ya kamera nzuri angefaa kuangalia kwanza nambari ya Android kabla ya kutoa pesa.

Kuna hatari nyingine inayozaliwa na mawaidha haya yenyewe. Watu wakishaambiwa wasasishe, matapeli hupata mlango. Tangu mwaka 2017 hivi, wahalifu wamekuwa wakivamia tovuti halali na kuweka humo tangazo linalofanana kabisa na la Chrome au Firefox, likisema kivinjari kimepitwa na wakati na kumtaka msomaji abofye kukipakua kipya. Anayebofya hupokea programu hasidi badala ya kiraka.

Njia ya kuwatambua ni rahisi kukumbuka. Sasisho la kweli haliji ndani ya ukurasa wa tovuti. Huja kutoka ndani ya kivinjari chenyewe, kupitia zile nukta tatu, au kutoka Play Store. Ukurasa wa habari za soka ukikwambia kivinjari chako ni kikuukuu, ufunge, kisha uende ukaangalie mwenyewe mahali panapostahili. Mhudumu wa saiba anayeachiwa wateja wabofye chochote kinachochomoza anastahili kuelezwa hili mapema.

Si kila balaa la mtandaoni linazuiwa na kivinjari kipya, na ni vyema kusema hivyo ili kiraka kisidaiwe kazi isiyo yake. Januari 2012, mdukuzi mmoja aliharibu kurasa za tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya. Mwishoni mwa Julai 2023, huduma za eCitizen zilikwama baada ya shambulio la kuzifurikia seva kwa maombi mengi ya uongo, kundi lililojiita Anonymous Sudan likidai kuhusika. Katika visa vyote viwili kilicholengwa ni seva, na mwananchi wa Kehancha hangeweza kufanya lolote hata angekuwa na kivinjari cha siku hiyo.

Kadhalika, kivinjari kipya hakimzuii mtu kumtajia tapeli nenosiri kwa simu. Hakimzuii mhudumu wa saiba kuliandika nenosiri la mteja kwenye daftari, tabia ambayo imezoeleka kiasi kwamba wateja wengine huiona kuwa huduma. Wala hakimkumbushi mteja kujiondoa kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka kitini.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Kenya (CA) zinahitaji kusomwa kwa makini vilevile. Mamlaka hiyo iliripoti zaidi ya matukio bilioni 2.5 ya vitisho vya mtandaoni katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2025, na sehemu kubwa mno ilihusu udhaifu wa mifumo. Idadi hiyo si ya watu walioibiwa. Ni hesabu ya vitisho vilivyonaswa na mitambo, mithili ya kuhesabu kila mkono uliojaribu kitasa cha mlango. Kinachofaa kuzingatiwa ni aina ya vitasa vinavyojaribiwa: ni vya mifumo ambayo kasoro zake zinajulikana.

Kwamba muda ndio unaohesabika, dunia ilijifunza mwaka 2017. Microsoft ilitoa kiraka cha dosari moja ya Windows mnamo Machi 14. Maagizo ya kuitumia dosari hiyo yalivujishwa mtandaoni Aprili, na Mei 12 kirusi cha WannaCry kikaenea duniani, kikizifunga tarakilishi na kudai fidia. Hospitali nchini Uingereza ziliahirisha upasuaji. Kiraka kilikuwa kimepatikana bila malipo kwa siku 59. Dosari hiyo haikuwa ya kivinjari, lakini pengo kati ya kiraka kutolewa na kiraka kuvaliwa ni lile lile.

Kisheria, mhalifu hana pa kujificha sana. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inampa anayeingia katika mfumo bila idhini adhabu ya faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamtaka mwenye kusimamia data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru. Ni sheria nzuri. Lakini mwenye tarakilishi kuukuu kwa kawaida hagundui, na saa 72 za mtu asiyegundua hazianzi kuhesabiwa.

Hali itazidi kuwa ngumu kwa sababu ya Windows 10, ambayo ndiyo iliyowekwa na wengi walioiacha Windows 7. Microsoft ilikoma kuitunza bila malipo mnamo Oktoba 14, 2025, ikatoa mpango wa viraka vya ziada kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 ina masharti ambayo tarakilishi nyingi za zamani haziyatimizi, hasa kuhusu aina ya prosesa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM. Chrome na Firefox hazikuitupa Windows 10 papo hapo, lakini kilichotokea kwa Windows 7 kinaonyesha kwamba baada ya miaka michache nazo huondoka.

Mwenye saiba asiyeweza kununua mashine mpya ana njia moja ambayo haijatumiwa vya kutosha: kuondoa Windows na kuweka Linux, mfumo usiolipiwa, kama vile Ubuntu au Linux Mint. Firefox hupatikana humo, na Chrome pia, zote zikiwa matoleo ya siku hiyo na zenye viraka vyote. Kwa kuwa HELB, eCitizen na sehemu kubwa ya iTax hufanyika ndani ya kivinjari, mteja hataona tofauti kubwa. Atakayeiona ni mwenye saiba, siku ya kwanza, atakapotafuta namna ya kuiunganisha printa yake ya zamani. Akague kwanza kama inakubaliana na Linux, kwa kuwa mfumo huo huweza kujaribiwa kutoka kwenye kifaa cha USB kabla ya kufuta chochote.

Palipo na tarakilishi sita na bajeti haitoshi, si lazima zote zibadilishwe kwa mpigo. Mbili zikiwa na kivinjari kilichosasishwa, zikatengwa kwa shughuli za nenosiri pekee, na nne zilizobaki zikatumika kuchapa, kunakili na kutazama habari, sehemu kubwa ya hatari itakuwa imeondolewa kabla ya foleni ya Juni kurudi.